Makarani wa Leta

Huko Kiwanja, katika Rutshuru, kaskazini ya Goma, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, serikali huitwa Leta, neno lililorithiwa kutoka Kifaransa cha Wabelgiji, nalo hukusanya pamoja mhuri, kodi, na karani aungojaye mshahara wake. Karani huyo zamani aliwekewa mpaka: hata ulipowadia uhuru mwaka 1960, katika vyeo vya juu vya utawala, vilivyozidi 4,000, Wakongo waliokuwamo walikuwa 3 tu. Milango ilipofunguliwa, kazi ya serikali ikawa tunu ya siasa, na daftari la watumishi likazidi kunenepa ilhali hazina yakonda.

Mwaka 1967 Rais Mobutu aliviunganisha vyama vya wafanyakazi kuwa kimoja, UNTC, na kukiweka chini ya chama chake tawala, hata kiongozi wa wafanyakazi akawa, kwa hakika, mjumbe wa mwajiri. Ukiritimba huo ulivunjika baada ya 1990, vyama vikachipuka kwa wingi, pengine kupita kiasi. Februari 2004, huko Mbudi, kandokando ya Kinshasa, viliafikiana na serikali kwamba tarishi, aliye wa mwisho katika ngazi, apate dola 208 kwa mwezi. Ahadi hiyo haikutimizwa, na jina Mbudi likabaki kutajwa kila mgomo uzukapo.

Mwalimu wa kijijini hakungoja Mbudi. Tangu migomo ya mwanzo wa miaka ya 1990 mzazi, mwenye maharagwe yake shambani, ndiye aliyemlipa, mpaka 2019 serikali ilipotangaza elimu ya msingi kuwa bure.