Pambano la sataranji la timu za wanawake

Katika Olimpiadi ya Sataranji ya wanawake, timu mbili hukabiliana kwenye mbao nne kwa wakati mmoja, kila timu ikiwa na mchezaji wa tano wa akiba. Mashindano haya yalianza Emmen, Uholanzi, mwaka 1957, na hadi 2006 mbao zilikuwa pungufu ya nne. Siku hizi huchezwa raundi 11, na bingwa hukabidhiwa Kombe la Vera Menchik. India ililitwaa Budapest mwaka 2024. Kenya, ambako vijana huuita mchezo huu chesi, nayo ilipeleka timu huko, kama ilivyofanya Chennai mwaka 2022.

Ushindi kwenye ubao mmoja ni pointi 1, sare ni nusu. Kapteni anaweza kumshauri mchezaji akubali sare, ila haruhusiwi kutamka lolote kuhusu hali ya mchezo. Kila mchezaji ana dakika 90 kwa hatua 40 za kwanza, kisha 30 nyingine, pamoja na sekunde 30 kwa kila hatua. Ukigusa kete yako, lazima uicheze. Mkono uliosogeza kete ndio huo huo unaobonyeza saa, halafu ndipo hatua inaandikwa karatasini. Mchezo ukiisha, wafalme wawili husimamishwa katikati ya ubao.

Katika Afrika Mashariki, anayejulikana zaidi ni Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala. Katika Olimpiadi ya Khanty-Mansiysk, Urusi, mwaka 2010, alipoteza mchezo wake wa kwanza kwa Dina Kagramanov wa Kanada, lakini kabla ya kurudi nyumbani alimshinda Haregeweyn Abera wa Ethiopia. Miaka miwili baadaye, Istanbul, alipata cheo cha wanawake cha FIDE, shirikisho la kimataifa la sataranji.

Nairobi ina klabu za ligi kama KCB, Equity na Nairobi Chess Club. Hata hivyo mashindano mengi ya jiji hubanwa ndani ya wikendi. Msichana wa Kangemi hupanda matatu Jumamosi alfajiri, akapita Waiyaki Way na Westlands hadi mjini, akacheza raundi kadhaa, na jioni akarudi. Wepesi anaupata, subira ya kukaa saa nne mbele ya ubao mmoja haipati, na pengo hilo ni zito kuliko uhaba wowote wa vipaji. Waandaaji wa Nairobi, wapeni wasichana hawa angalau shindano moja kwa mwaka lenye raundi moja tu kwa siku.