Pango juu ya Kibamba: viongozi waliondoka, wenyeji walibaki



Wengi kati yetu walizaliwa kambini, Nyarugusu ao Lugufu, na walirudi katika nchi waliyoijua kwa masimulizi tu. Ndiyo maana tunaandika historia ya Fizi katika gazeti hili. Safari hii tunawapeleka kwenye mlima ulio juu ya Kibamba, kusini mwa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Hapo ndipo wakubwa wa mapinduzi walijificha mwaka wa 1965. Hatukwenda kutembea. Jamaa mbili zinagombania shamba huko juu, na wazee walituambia wazi: kama hamjaona maficho yale, hamtaelewa ugomvi huu.

Maasi yalivyofika ziwani

Tukumbuke kwanza mambo yalivyokuwa. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na Lumumba aliuawa Januari 1961. Watu waliona kwamba uhuru ulikuwa wa wakubwa tu. Mwaka wa 1964 maasi yaliwaka: Mulele huko Kwilu, na huku mashariki Gaston Soumialot na wenzake. Wapiganaji waliitwa Simba. Uvira iliangukia mikononi mwao mwezi wa Mei, Albertville, yaani Kalemie ya leo, mwezi wa Juni, na Stanleyville, ndiyo Kisangani, mwezi wa Agosti. Lakini tarehe 24 Novemba askari wa miamvuli wa Ubelgiji pamoja na mamluki waliingia Stanleyville, na toka siku hiyo nchi ya Simba ilianza kupungua.

Fizi na Baraka zilibaki mikononi mwao. Sababu mtu anaiona kwa macho akiwa katika boti: mlima unainuka moja kwa moja kutoka majini, hakuna barabara ya gari, na ng'ambo ya pili, karibu kilomita 50, kuna Kigoma. Serikali ya Nyerere iliruhusu silaha na watu wapite kule. Aliyeshika ukingo huu alikuwa na mlango nyuma yake.

Kwa mlango huo alipita Che Guevara. Alifika Kibamba tarehe 24 Aprili 1965 na wenzake wachache kutoka Kuba. Baadaye Wakuba walizidi mia moja. Walipewa majina ya hesabu ya Kiswahili. Víctor Dreke, ambaye ni Mweusi, alikuwa Moja, mwingine Mbili, naye Che aliitwa Tatu. Mwanzoni hata wakuu wa Simba hawakujua kama Tatu ni nani. Wenyeji walimjua kama munganga, kwa sababu alisomea udaktari na alitibu wagonjwa. Kambi kubwa iliwekwa juu ya mlima, nyumba za nyasi katika ukungu na baridi.

Mambo hayakwenda vizuri. Leonard Mitoudidi, mkuu aliyesifiwa kwa kupanga kazi, alizama ziwani mwezi wa Juni. Laurent-Désiré Kabila alifika Julai, akakaa siku chache, akavuka tena. Shambulio la Bendera, penye kituo cha umeme, lilifanyika tarehe 29 Juni na likashindwa: Wakuba 4 walikufa, na karatasi zilizookotwa zilionyesha serikali kwamba Wakuba wako Kongo. Tangu hapo ndege zilizidi kupiga ukingo wa ziwa.

Pango lilikuwa la nani?

Tulipanda karibu masaa matano. Nyumba za nyasi zilioza zamani, hakuna kibao wala alama. Tuliona viwanja vilivyosawazishwa, mawe ya moto, na kijito ambacho watu wanachotea maji hata leo. Chini kidogo kuna pango dogo, mwamba uliotokeza kama paa. Vijana waliotuongoza walituonyesha kwa furaha: "Hapa njo Che alikuwa nalala."

Mama mmoja mzee alicheka. Mwaka ule alikuwa binti wa miaka kama 12. Alituambia hivi: "Hapana. Hapa njo siye tulikuwa najificha na batoto wakati ndeke inapita. Bakubwa balikuwa kule juu. Siye bamama tulikuwa nabeba mihogo usiku, tunapandisha. Majina yabo hatukujua. Tulijua tu kama banakula."

Maneno hayo yalitunyamazisha. Historia ya maficho imeandikwa na wale waliojificha pamoja na wale waliowatafuta. Katika vitabu tunakuta Tatu, Kabila, na Mike Hoare mkuu wa mamluki. Tunasoma hata kwamba wapiganaji walikataa kubeba mizigo, wakisema wao si magari. Sasa, chakula cha watu mamia juu ya mlima kilitoka wapi? Kililimwa katika mashamba ya Babembe na majirani zao, kikabebwa na mikono ambayo haijaandikwa popote.

Usiku wa kuondoka

Mwisho wa Septemba mamluki waliteremka Baraka, na Oktoba Fizi ilichukuliwa. Viongozi wa Afrika nao walitaka wageni wote watoke Kongo. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Novemba 1965 Wakuba walipanda boti kurudi Kigoma. Nafasi haikutosha. Wapiganaji wengi wa Kongo walibaki ukingoni, na vijiji vilivyowalisha vilibaki palepale na sifa ya kuwa vijiji vya waasi. Siku 3 baadaye Mobutu alichukua mamlaka Kinshasa.

Hayo hayakuwa mwisho. Mwezi wa Desemba 1967 Kabila alianzisha chama chake, PRP, katika milima hiyo hiyo ya Fizi. Eneo lake liliitwa Hewa Bora. Lilikuwa na mashamba ya pamoja, shule, na biashara ya dhahabu iliyovuka ziwa. Wilungula Cosma alilieleza katika kitabu chake juu ya maki ya Kabila kati ya 1967 na 1986. Karibu miaka 20 mtu wa mlimani aliposhuka sokoni, askari alimwita mwasi. Na aliyekaa ziwani akipanda mlima, maki ilimshuku kuwa mpelelezi. Jamaa moja iliweza kugawanyika hivyo, ndugu huku na ndugu kule.

Halafu mwaka wa 1996 Kabila alitokea tena, sasa kama msemaji wa AFDL. Mwezi wa Mei 1997 alikuwa Rais huko Kinshasa. Na sisi? Vita hivyo na vile vya 1998 ndivyo vilitupeleka Kigoma. Tulivuka ziwa lilelile, tukakaa kambini, na kuanzia 2005 HCR ilianza kuturudisha Baraka kwa meli.

Kwa nini tunasimulia haya leo

Turudi kwa shamba. Jamaa ya kwanza ililima pale kabla ya 1965 na mihogo yake ililisha kambi. Jeshi lilipofika, iliteremshwa ziwani, na baadaye ikakimbilia Tanzania. Jamaa ya pili ilipanda wakati wa Hewa Bora na haikutoka tena. Imezika wazee wake pale. Hakuna karatasi. Kila upande unamwita mwingine mgeni.

Ushuhuda wa yule mama ulibadilisha mazungumzo. Alitaja kwa majina watu waliolima pale alipokuwa mtoto, na kijito kilichokuwa mpaka. Alitaja pia waliokuja nyuma na namna walivyopokelewa. Wazee wa pande zote walikubali kwamba anasema kweli. Sasa wanazungumza, mbele ya shefu wa kijiji, kugawa shamba kwa kufuata kijito. Hawajatia sahihi bado, na mvua ya kupanda inakaribia. Lakini wanakaa kwenye benchi moja, jambo ambalo halikuwezekana zamani kidogo.

Kwa wafadhili wetu tunasema: mkisikia kwamba watu wa milimani wanaogopa kuandikishwa, ao wanauliza mara mbili orodha ya mbegu itapelekwa wapi, msidhani ni ukaidi. Kwa miaka mingi jina kuandikwa katika orodha lilikuwa hatari. Inatupasa kueleza kabla ya kuandika, na mbegu zifike kwa waliobaki sawasawa na waliorudi. Tukiwapa waliorudi peke yao, tutakuwa tumewasha moto wa zamani.

Kwa ninyi wanachama tunaomba kitu kimoja. Kila nyumba yenye mzee aliyeona mwaka wa 1965 ao wakati wa Hewa Bora, mwambieni mjumbe wa kijiji chenu. Tutakuja na daftari, tutasikiliza katika lugha anayotaka, Kibembe ao Kiswahili, na hatutapeleka jina lake popote bila ruhusa yake. Tunataka kujua nani alilima wapi, nani alimpokea nani, mpaka ulipita wapi. Majina ya viongozi tunayo tayari. Haya mengine yako katika vichwa vya wazee, na wazee wanazidi kupungua kila mwaka.