Masikio ya Kampala, kutoka Kadongo Kamu hadi Besi Nzito

Mtaa wa Surrey, huko Croydon, kusini mwa London, ni soko la matunda na mboga ambalo hati yake ni ya mwaka 1276. Mtu wa Kampala akifikishwa pale akiwa amefungwa kitambaa machoni angedhani yuko soko la Nakasero, mpaka atajiwe bei. Kando ya meza za nyanya, hadi mwaka 2004, palikuwa na duka la santuri lililoitwa Big Apple. Muuzaji mmojawapo alikuwa dijei Hatcha, na waliokuwa wakishinda mle ndani ni vijana wa rika la shule, akina Skream na Benga, wakimletea midundo waliyoitengeneza kwenye kompyuta vyumbani mwao. (Msomaji wa Kisumu asichangamke: Benga ni kifupi cha Adegbenga, jina la Kiyoruba, wala hakihusiani na benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo.) Muziki uliotoka katika duka lile na mengine machache ya London ndio dabstepu.

Ukitaka kuujua bila kwenda mbali, gonga meza. Mwendo wake ni mapigo 140 hivi kwa dakika, lakini kishindo cha ngoma ndogo huangukia pigo la tatu tu. Moja, mbili, TATU, nne. Kwa hiyo mashine inahesabu 140 na mwili unahesabu 70. Katikati ya vishindo hivyo pako wazi, na uwazi huo hujazwa na besi ya chini mno, ambayo mtu huisikia kifuani kabla haijafika masikioni. Asili yake ni Jamaika, kwa King Tubby, fundi wa vifaa vya umeme wa Kingston ambaye miaka ya 1970 alichukua nyimbo za wenzake, akamwondoa mwimbaji na kubakiza besi, ngoma na mwangwi. Usiku wa DMZ ulioanzishwa Brixton mwaka 2005, madijei Mala na Coki wakiwa miongoni mwa waanzilishi, uliitegemea hesabu hiyo: spika kubwa, taa kidogo, maneno machache.

Sasa chukua wimbo huo huo uusikilize kwenye simu. Utasikia vishindo viwili vitatu na kimya. Utadhani umeibiwa.

Jambo hilo linaonekana dogo, ila ndilo lililoamua mengi. Redio ya BBC iliupa muziki huu kipindi maalumu Januari 2006, na ukaanza kusafiri. Mwaka 2010 Skrillex wa Marekani akatoa *Scary Monsters and Nice Sprites*, akaichukua besi kutoka chini akaipandisha katikati, mahali ambapo spika ya kompyuta ya mapajani inaweza kuifikisha. Ikawa inanguruma na kukwaruza kama trekta linalokataa kuwaka. Mwaka 2011 Britney Spears akaitia katikati ya wimbo wake. Februari 2012 Skrillex akaondoka na Grammy tatu. Watu wa Brixton walikasirika, wakautafutia muziki huo mpya jina la dharau, na kwa miaka kadhaa wapenzi wa dabstepu walitumia muda mwingi kugombana kuliko kucheza. Wachache walisema wengi hawana masikio. Mimi naona wengi walikuwa na masikio mazuri tu. Walichokosa ni spika.

Kampala inaujua ugomvi huo tangu kabla Skrillex hajazaliwa.

Miaka ya 1950 na 1960, mwanamuziki wa Kampala aliyetaka kurekodi alipanda treni au basi kwenda Nairobi, kwa sababu studio na viwanda vya santuri vilikuwa huko. Fred Masagazi na Elly Wamala ni wa kizazi hicho. Pembeni yao ulikua mtindo ulioitwa kadongo kamu, yaani kagitaa kamoja tu, na Christopher Sebadduka ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa baba yake. Mtu mmoja, gitaa moja, hadithi ndefu kwa Kiganda: mke aliyekimbia, shamba lililouzwa, jirani mchawi. Mjini, wenye suti walicheza muziki wa bendi uliokuwa na harufu ya Kongo, na kagitaa kamoja kakaonekana ni ka watu wa shamba. Afrigo Band ilipoanzishwa mwaka 1975, Moses Matovu akiwa na saksafoni yake, bendi ndiyo ilikuwa muziki wa kistaarabu. Afrigo bado inapiga hadi leo, na huo ni umri ambao serikali nyingi za Afrika zingeuonea wivu. Miaka ya vita iliwatawanya wengine. Mwimbaji Philly Lutaaya aliirekodi *Born in Africa* akiwa Uswidi, ikawa kama wimbo wa taifa usio rasmi, naye akafariki Desemba 1989, miezi michache baada ya kuwatangazia wananchi wenzake kwamba ana UKIMWI.

Wakati wote huo redio ilikuwa moja, ya serikali. Mwaka 1993 hewa ikafunguliwa: Sanyu na Capital zikaanza kurusha matangazo ya FM, kwa Kiingereza, zikipiga muziki wa Marekani na Jamaika. Vijana wakajifunza raga kutoka kwenye redio hizo, wakaanza kuigiza lafudhi ya Kingston wakiwa Kamwokya, mtaa wa Kampala. Mwaka 1996 ikaja CBS, redio ya ufalme wa Buganda, inayosema Kiganda, na kumbe kagitaa kamoja hakakuwa kamekufa. Kalikuwa kamenyimwa hewa. Paul Kafeero, aliyekuwa ameshaimba *Walumbe Zaaya*, wimbo mrefu wa kubishana na kifo, alisikika sebuleni kwa mawakili na kwa wauza mkaa vilevile. Wale wale waliomwita mshamba mnyonge wa gitaa sasa wanamwita mshairi. Alifariki mwaka 2007, na wasomi wamekuwa wakimchambua tangu hapo.

Halafu wakaja waimbaji watatu ambao majina yao hayahitaji utangulizi: Jose Chameleone, Bobi Wine na Bebe Cool. Chameleone alipitia Nairobi, kwenye studio ya Ogopa DJs, akarudi na nyimbo za Kiswahili. Hapo panastahili kusimama kidogo. Kampala kwa miongo mingi ilikiogopa Kiswahili. Kilikuwa lugha ya askari, lugha ya kizuizi cha barabarani, na Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 hakukisaidia. Baraza la mawaziri lilikuja kuamua Julai 2022 kwamba kifundishwe shuleni kwa lazima. Lakini miaka mingi kabla ya uamuzi huo, mama wa sokoni asiyeweza kuomba maji kwa Kiswahili alikuwa akiimba *Jamila* wa Chameleone toka mwanzo hadi mwisho. Wazee wa bendi walisema ni kelele za kompyuta. Bobi Wine, mtoto wa Kamwokya, aliziendesha kelele hizo hadi zikamfikisha Bungeni mwaka 2017.

Kwa hiyo muziki wa wengi Kampala haujawahi kukaa kiti kimoja. Kila uliotamba ulianza ukichekwa, na kila mara kilichoupandisha ni chombo kipya: santuri ya Nairobi, redio ya FM, kompyuta ya bei nafuu.

Hiyo kompyuta ya bei nafuu ilifanya kazi yake ya ajabu zaidi mbali na Kampala, huko Gulu, kaskazini mwa Uganda. Waacholi wana ngoma iitwayo larakaraka, ya uchumba na harusi, inayochezwa na kundi kubwa: vibuyu vinavyopigwa kwa njiti za baiskeli, wachezaji kwa makumi, mwendo wa kasi. Vita vya kaskazini vilivyoanza miaka ya 1980 viliwaweka watu makambini na kuwafukarisha. Bwana harusi akawa hana uwezo wa kuleta kundi zima, kulilisha na kulilipa. Otim Alpha, mwimbaji wa harusi, akakaa na mtayarishaji Leo Palayeng. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaipakia larakaraka kwenye kompyuta. Mwimbaji mmoja, kinanda, spika mbili, na harusi inakwenda. Hakuna aliyekaa akasema tunaanzisha muziki wa kielektroniki wa Kiafrika. Walikuwa wanapunguza gharama za harusi. Albamu iliyozikusanya nyimbo zao, *Gulu City Anthems*, ilitoka mwaka 2017, na wapenzi wa muziki wa kielektroniki wa Ulaya wakaipokea kama habari ya kesho, wakati watu wa Gulu walikuwa wameshaicheza harusini kwa miaka mingi.

Lebo iliyoitoa inaitwa Nyege Nyege Tapes. Najua msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ameshatabasamu. Kwa Kiganda, wenyewe hueleza, neno hilo ni ule mwasho wa kutaka kucheza usiozuilika. Kwa Kiswahili mwasho ni mwingine. Lebo hiyo na tamasha la jina hilo vilianzishwa Kampala na wageni wawili, Arlen Dilsizian na Derek Debru, na tamasha la kwanza likafanyika mwaka 2015 kando ya Nile, karibu na Jinja. Walikusanya vitu ambavyo redio haikuvitaka: Waacholi na kompyuta zao, singeli, muziki wa Tandale na Manzese huko Dar es Salaam, ambayo mwendo wake huvuka mapigo 200 kwa dakika, Wakongo waliokimbilia Kampala, marapa wa Kiganda. Lebo dada wakaiita Hakuna Kulala, jina ambalo halihitaji mkalimani. MC Yallah, aliyezaliwa Kenya na kukulia Uganda, alikuwa amechana kwa miaka mingi bila kutambuliwa sana. *Kubali*, aliyoitoa na lebo hiyo mwaka 2019, ilimpeleka kwenye majukwaa ya Ulaya. Ndani ya albamu hiyo besi imerudi mahali ilipokuwa Brixton: chini, nzito, na nafasi tupu katikati.

Serikali iliwatangaza kuliko gazeti lolote. Mwaka 2018 waziri wa maadili, Simon Lokodo, padri wa zamani, alilipiga marufuku tamasha kwa hofu ya uasherati, kisha likaruhusiwa. Kuanzia Machi 2020 korona ilizifunga baa na kumbi, na maisha ya usiku ya Uganda hayakufunguliwa mpaka Januari 2022, karibu miaka miwili. Septemba mwaka huo Bunge likalikataa tena tamasha. Serikali ikaliruhusu kwa masharti, na likafanyika kwenye maporomoko ya Itanda. Watu ambao hawajawahi kusikia wimbo mmoja wa Hakuna Kulala walibishana kuhusu muziki huo wiki nzima kwenye vijiwe vya bodaboda.

Ila kuujua kwa ugomvi si kuupenda. Jioni moja nilikuwa kwenye taksi ya kwenda Ntinda, hizi za abiria 14, yenye spika imesukumwa chini ya kiti cha nyuma. Kijana aliyekaa mbele alimwomba dereva aweke flashi yake. Ukaanza wimbo wa besi hii nzito: kishindo, kimya, kishindo, kisha mngurumo uliotikisa bati la mlango. Kilipofika kile kimya cha pili, mama mmoja mwenye mfuko wa matoke akainama kwa kondakta: "Ssebo, redio yenu imeharibika?" Gari zima likacheka. Kijana akaichomoa flashi, ukarudishwa wimbo wa mwimbaji Eddy Kenzo, na yule mama akaendelea na safari yake akitikisa kichwa taratibu. Sikumwona mjinga hata kidogo. Alilipa nauli, hakulipa kujazwa uwazi kifuani.

Ndipo ninapotofautiana na wapenzi wa muziki huu, ambao wengine ni marafiki zangu. Husema Kampala haijaamka. Lakini sehemu kubwa ya soko la muziki wao iko Berlin na miji kama hiyo, na msikilizaji wa Kampala huletewa habari kwamba kitu chake kimesifiwa ng'ambo kabla hajapewa nafasi ya kukisikia kwenye spika inayofaa. Kadongo kamu kalipata CBS. Larakaraka ya kompyuta ilikuwa na harusi. Besi nzito ya Kampala haina redio wala harusi. Ina tamasha la siku chache kwa mwaka na kumbi za kuhesabika. Hao vijana wangepeleka spika zao kwenye kwanjula moja tu ya Masaka, sherehe ya kutambulishana kwa wakwe, wakamwacha mjomba wa bibi harusi aamue, tungejua mengi kuliko tunayoambiwa na wahakiki.

Walio karibu zaidi na jaribio hilo ni Nihiloxica, kundi lililoanza mwaka 2017 kwa kuwaunganisha wapiga ngoma wa Nilotika Cultural Ensemble wa Kampala na Waingereza wawili. Hawa hawakuhitaji kuazima besi kutoka popote. Katika seti ya ngoma za Buganda, empuunyi ndiyo inayoshika chini, engalabi ndefu inaongea juu, na namunjoloba ndogo inagongwa kwa fimbo. Wao waliongeza kinanda cha umeme na seti ya ngoma za Kizungu. Albamu yao ya mwaka 2020 waliiita *Kaloli*, jina la wale ndege wakubwa wenye mfuko shingoni wanaosimama juu ya majalala ya jiji kama mahakimu. Iliyofuata, *Source of Denial* ya mwaka 2023, inahusu viza: fomu, foleni, na kukataliwa kuingia Uingereza kwenda kupiga muziki ambao Waingereza wenyewe wameuomba.

Kwa miaka mingi makao ya idara ya Uingereza inayoshughulikia maombi ya viza yalikuwa katika jumba liitwalo Lunar House. Lipo Barabara ya Wellesley, Croydon, mwendo mfupi kwa miguu kutoka pale lilipokuwa duka la Big Apple.