Matembezi ya Ukoo

Babu na bibi, watoto wao, wake na waume wa watoto hao, wajukuu, na pengine kitukuu mmoja aliyefungwa mgongoni kwa kanga: wote wanapanda boti Dar es Salaam kwenda Unguja, wakae wiki nzima karibu na bahari. Jambo hili tunalijua sote. Jina lake ndilo halijatulia. Matangazo huliita “likizo ya familia ya vizazi vingi”. Kila neno hapo ni letu au limekwisha kuwa letu, ila mpangilio wake umetoka kwingine, na ulimi unaukataa. Naamini jina bora limo lughani mwetu. Tulitafute pamoja, neno moja baada ya jingine.

Tuanze na likizo. Mama yake ni kitenzi likiza, ambacho kamusi hukipa maana mbili: kumwachisha mtoto ziwa, na kumpa mtu ruhusa aache kazi apumzike. Maana zote mbili zina mkubwa anayeamua na mdogo anayeachishwa. Mwajiri humlikiza mfanyakazi, shule humlikiza mwanafunzi. Sasa babu aliyestaafu analikizwa na nani? Na kitukuu ambaye hajaachishwa hata hilo ziwa lenyewe? Likizo ni neno zuri lenye wenyewe, nao ni watu wa kazi na watu wa shule. Tuwaachie. Livu, lililotoka kwa Waingereza, ni jembamba zaidi: halivuki mlango wa ofisi.

Mapumziko yana mzizi wa kupendeza. Pumua, pumzi, pumzika: kupumzika ni kuirudisha pumzi iliyokatika. Neno hili lastahili heshima, na kwa sababu hiyohiyo tusilitoe ovyo. Katika safari ya watu ishirini wa damu moja yupo anayekuna nazi, yupo anayetafuta kiatu cha mtoto, yupo anayemshika bibi mkono kwenye ngazi za gati. Hawa wanafurahi, lakini hawapumziki. Jina la safari lisiahidi kwa wote kitu watakachokipata baadhi tu.

Utalii nao umedhulumiwa. Mzizi wake ni wa Kiarabu, uleule uliotupa mtalaa, yaani kutazama kwa makini, kusoma. Kutalii basi ni kuisoma nchi. Matumizi ya leo yamemfanya mtalii kuwa mtu asiye na mtu mahali anapokwenda, na hapo ndipo neno linapowaumiza wengi. Kijana wa Temeke ambaye bibi yake alizaliwa Makunduchi si mtalii Makunduchi. Mzee wa Muscat azungumzaye Kiswahili, aliyewaleta watoto wake waone mtaa wa Ng’ambo alikozaliwa mama yao, hasemi amekuja kutalii. Husema, “Nimekuja kwetu.” Hata hivyo tusilitupe kitenzi. Babu anapowapitisha wajukuu katika vichochoro vya Mji Mkongwe, akiwaonyesha mlango wa nakshi na kuwaeleza nani alikaa nyuma yake, hapo anatalii nao kwa maana ya asili. Turudishe kutalii kwenye kusoma.

Ziara limepanda cheo siku hizi. Waziri hufanya ziara, na magazeti huandika. Lakini pwani, ukisema kuzuru, wazee kwanza hufikiria makaburi. Katika safari ya ukoo huwapo asubuhi moja ambayo watu wazima huvaa kanzu na kanga safi, wakaenda kumwombea dua aliyetangulia. Asubuhi hiyo ndiyo ziara. Tusiieneze ikafunika wiki nzima.

Safari, kutoka Kiarabu, limezunguka dunia nzima likarudi na simba na magari ya wazi ambayo sisi hatukulitia. Kwetu safari ni mwendo: kuondoka, kuvuka, kufika. Inakwisha boti inapofunga gati Malindi ya Unguja. Kinachoanza baada ya hapo kina jina lake.

Jina hilo ni matembezi. Mtu wa Unguja akikuambia, “Nilikwenda Pemba kutembea,” hasemi habari za miguu. Amesema alikwenda kwa watu, akakaa, akala nao, akarudi. Tembea ya namna hii ina mwenyeji ndani yake. Ongeza kiambishi, upate tembelea, na yule anayefikiwa anajitokeza wazi. Najua kwamba “kutembea na mtu” kumepata maana nyingine mitaani, lakini matembezi hayakuchafuka. Yana raha bila kudai uvivu, yana mwendo bila kudai umbali, na hayamwombi mwajiri ruhusa. Babu anaweza kuwa matembezini, na kitukuu pia.

Matembezi ya nani? Familia limekaa kwetu muda mrefu na halifukuziki, lakini kila mwaka linazidi kusinyaa. Fomu za shule na za bima zimelizoesha kumaanisha baba, mama na watoto. Shangazi hayumo. Ukisema “likizo ya familia”, bibi atauliza kama amealikwa.

Zanzibar wanalo aila, la Kiarabu, pana kuliko familia na tamu masikioni, lakini bara halijaenea. Kaya ni la nyumbani kabisa, lakini wahesabu watu wamelichukua: kaya ni wanaokula chungu kimoja, na hawa wetu wana vyungu vitano katika miji mitatu. Jamaa, lenye maana ya kundi katika Kiarabu chake, limezaa ujamaa na likabeba taifa mgongoni. Leo humwita hata mtu usiyemjua, “jamaa mmoja”. Limepanuka mno.

Linabaki ukoo. Kamusi zinalo neno koo, la mnyama au ndege jike aliyekwisha kuzaa, na sikio langu husikia ukoo karibu yake: kundi linalojulikana kwa uzazi. Wingi wa ukoo nao ni koo. Neno hili halihesabu nyumba wala chungu. Linauliza nani alimzaa nani, na swali hilo ndilo linalowaweka watu hawa ndani ya boti moja. Basi “matembezi ya ukoo”: maneno matatu, yenye pumzi moja.

Na “vizazi vingi”? Kizazi limetoka kwenye zaa, nalo ni jema. Kosa liko kwenye “vingi”, kwa kuwa Kiswahili hakihitaji kukadiria mahali ambapo kimekwisha kuhesabu. Mjukuu, kitukuu, kilembwe, kining’ina: kila ngazi ya kushuka ina jina. Wazungumzaji wa sehemu mbalimbali huyapanga majina ya ngazi za chini kwa namna tofauti kidogo, na wako wanaosema kijukuu na kilembwekeza, lakini ngazi mbili za juu zimetulia zaidi. Napendekeza tuihesabu safari kwa mdogo wake kabisa. Akiwapo mjukuu, vizazi ni vitatu lazima: hayo ni “matembezi ya wajukuu”. Akiwapo kitukuu, ni vinne: “matembezi ya vitukuu”. Mtoto ambaye hajui kuhesabu ndiye anayebeba hesabu.

Bibi linahitaji uangalifu watu wa Mombasa na wa Tanga wakikutana ufukweni. Kwa Mtanzania, bibi ni mama wa mzazi. Kwa Wakenya wengi, bibi ni mke, na mama wa mzazi ni nyanya, ambayo kwa Mtanzania ni kiungo cha mchuzi. Tusitafute mshindi. Tunayo njia ya kale isiyokosea: bibi mzaa mama, bibi mzaa baba. “Mzaa” huondoa shaka yote, na humwambia mtoto ni upande upi wa damu yake unaomwita kula.

Wakwe nao wamo safarini, na wana maneno tunayoyasahau. Mama mkwe ni sahihi, lakini mavyaa lina kina zaidi. Ndani yake mna vyaa, umbo jingine la zaa: mama aliyemzaa yule niliyemwoa, au aliyenioa. Baba naye ni bavyaa. Aliyeingia ukooni kwa ndoa huitwa ndani kwa kitenzi kilekile cha kuzaa. Maneno haya yasiachwe yabaki kamusini.

Sasa mahali penyewe. Kisiwa ni ki- na -siwa. Kamusi za zamani zina hata siwa peke yake, kisiwa kikubwa. Wanaoandika matangazo hawatosheki na kisiwa, huongeza “cha kitropiki”. Tropiki ni neno la jiografia, na darasani lina kazi yake. Kwa aliyezaliwa hapa halielezi kitu, kwani linatuona kutoka mbali, kwa mtu anayeikimbia baridi. Sisi tunavitambua visiwa vyetu kwa pepo zake. Kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka, kusi hufuata katikati ya mwaka, na pepo hizo ndizo zilizotupa majina ya pande za dunia: kaskazini na kusini. Kati yake kuna masika na vuli, na kipupwe huja ndani ya kusi. Usiulize hali ya hewa ya kitropiki ikoje. Uliza ni kaskazi au kipupwe. Bibi asiyependa joto atajua papo hapo aje lini.

Pwani ni neno lililotungwa na bahari. Limetoka kwenye kupwa: pwani ni pale panapopwa. Nenda Jambiani au Paje, mashariki ya Unguja, wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Maji hurudi nyuma mpaka karibu na mwamba, na eneo kubwa la bahari hugeuka nchi ya kukanyagwa, wanawake wakiwa katika mashamba yao ya mwani na watoto wakifuata kaa. Katika maji mafu hupati mwachano huo. Ukoo unaotaka wajukuu watembee baharini na bibi yao uchague siku kwa bamvua. Ufukwe ni jambo jingine: ni mchanga wa kukalia. Tuseme ufukwe pale tunapotandika mkeka na pwani pale bahari inapotupisha. Bichi, lililoshika Dar es Salaam, halina cha kuongeza hapa.

Na watafanya nini huko? Kupunga upepo. Punga ni kupeperusha, na upepo ni ndugu wa pepea. Pepo ni ndugu pia, na peponi ni kule tunakotarajia. Hao pepo wengine, wanaopungwa kwa ngoma, wamo katika nyumba hiyohiyo ya maneno. Mtu anayesema anakwenda kupunga upepo anajua, hata bila kuwaza, kwamba hewa huingia mwilini na kutoa kilichomlemea. Hakuna neno la matangazo linaloufikia ujuzi huo.

Wazee nao watabarizi. Barizi na baraza vyatoka mzizi mmoja wa Kiarabu wa kujitokeza, kuwa wazi mbele za watu. Kubarizi si kukaa bure. Ni kukaa mahali unapoonekana, ili apitaye akusalimu na mjukuu akukute. Ukoo ukipanga nyumba, uulize kwanza kama ina baraza.

Nyumba hiyo tuiiteje? Hoteli kwa watu wengi bado ni mahali pa chai na chapati. Gesti lina harufu ya usiku mmoja. Malazi, kutoka lala, ni neno safi, lakini hujua usiku tu. Mgeni anaposhuka botini Unguja huulizwa, “Umefikia wapi?” Kufikia ni kufika ukapokewa. Napendekeza tulitumie fikio kwa nyumba inayoupokea ukoo mzima, iwe ya kukodi, iwe ya shangazi: mahali pa kulala, kupika, kubarizi na kurudi kila jioni.

Mwisho, mgeni na mwenyeji. Mwenyeji ni mwenye mji. Mgeni hana mji hapo, lakini methali humpa kazi kubwa: mgeni njoo, mwenyeji apone. Makunduchi hulishika neno hili kwa vitendo. Katika Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya kila Julai, waliohamia mjini hurudi na watoto wao, na ni desturi kila nyumba ipate mgeni wa kula nayo. Kogwa ni ndugu wa kuoga: mwaka unaoshwa, na kinachouosha ni watu kurudi. Katika ukoo uliotawanyika, mtu mmoja anaweza kuwa mgeni na mwenyeji kwa siku moja: mwenyeji kwa damu, mgeni kwa njia za mtaa. Lugha iliyotupa maneno haya mawili haijawahi kuhitaji “wateja”.

Msomaji, wewe nami tumeachiwa maneno haya tuyatumie. Ukiandika tangazo kwenye kundi la ukoo wako, jaribu hivi: “Mwaka huu tunakwenda Unguja, matembezi ya vitukuu. Tutakwenda wakati wa kipupwe, siku za bamvua. Fikio ni Jambiani. Bibi mzaa baba atakuwapo, na asubuhi ya Ijumaa tutazuru.” Hakuna atakayeuliza kama amealikwa, na hakuna neno hata moja hapo litakalohitaji kufafanuliwa kwa bibi.