Nani Aujuaye Mguu Wako? Historia ya Ushauri wa Viatu vya Kukimbilia

Kwa miaka mingi mkimbiaji wa kawaida alifundishwa jaribio moja dogo. Aloweshe wayo wake majini, akanyage karatasi kavu, kisha atazame alama iliyobaki. Alama pana isiyo na mbonyeo ilimaanisha wayo bapa, na wayo bapa ulidai kiatu kigumu cha kuuzuia usiegemee ndani. Alama nyembamba iliyokatika katikati ilimaanisha wayo wenye uvungu mkubwa, nao ulidai kiatu laini cha kupunguza mshindo. Mwenye alama ya wastani alipewa kiatu cha wastani. Ushauri huu ulichapishwa magazetini, ukarudiwa na matabibu, ukafundishwa kwa wauzaji wa maduka, na jeshi la Marekani likautumia kuwavisha askari wake. Ulikuwa na sura zote za sayansi. Kilichokosekana ni uthibitisho kwamba unapunguza majeraha.

Nataka tuifuatilie historia ya ushauri huo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kawaida kabisa: wengi wenu mnakimbia. Vikundi vya mchakamchaka vya asubuhi vimeongezeka mijini, mbio za hadhara kama zile za Kilimanjaro, zilizoanza mwaka 2003, huwakusanya watu wa kila umri, na jozi moja ya raba mpya huweza kumeza sehemu kubwa ya mshahara wa mtumishi wa umma au posho ya mwanafunzi. Ya pili inahusu jinsi tunavyotawaliwa. Historia ya kiatu inaonyesha jinsi dai linavyoweza kugeuka elimu, elimu ikageuka utaratibu, na utaratibu ukaanza kugharimiwa, kabla mtu yeyote hajalipima dai lenyewe.

Tuanze Roma, tarehe 10 Septemba 1960. Abebe Bikila, askari wa kikosi cha ulinzi wa Mfalme Haile Selassie, alishinda marathoni ya Olimpiki akiwa pekupeku, kwa muda wa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, ambao ulikuwa bora kuliko wote uliowahi kurekodiwa. Njia ya mbio ilipita kando ya mnara wa Aksum, ambao majeshi ya Mussolini yalikuwa yameupora Ethiopia na ambao haukurudishwa hadi mwaka 2005. Picha ya Mwafrika asiye na viatu akiushinda mji uliotuma jeshi kuivamia nchi yake ilienea duniani kote, na haki yake ya kuenea ilikuwa kamili.

Hata hivyo, picha hiyo ilimeza maelezo. Husimuliwa kwamba Bikila hakuwa na kiatu kilichomkaa vizuri, na kwamba vipya alivyovijaribu vilimchubua. Alikuwa amezoea kufanya mazoezi pekupeku, kwa hiyo akachagua lisilomuumiza. Miaka minne baadaye, huko Tokyo, alivaa viatu, akashinda tena, na akaivunja rekodi kwa muda wa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Mtu yuleyule aliamua mara mbili kwa njia mbili tofauti, na mara zote mbili aliushauri mguu wake. Dunia ilihifadhi uamuzi wa kwanza tu, kwa kuwa ulifanana na Mwafrika iliyemtaka.

Wakati huohuo, upande wa pili wa dunia, mbio zilikuwa zikibadilika kutoka shughuli ya wanariadha wachache na kuwa zoezi la umma. Mwaka 1962 Bill Bowerman, kocha wa Chuo Kikuu cha Oregon, alizuru New Zealand na kuona watu wa makamo wakikimbia polepole kwa ajili ya afya, chini ya mwongozo wa kocha Arthur Lydiard. Alirudi na wazo hilo Marekani, akaandika kitabu kuhusu mbio hizo pamoja na daktari wa moyo. Mwaka 1964 yeye na mwanafunzi wake wa zamani, Phil Knight, walianzisha kampuni ya kuuza viatu kutoka Japani, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Nike. Mwaka 1972 Frank Shorter alipoishindia Marekani marathoni ya Olimpiki ya Munich, moto ulikuwa umeshawaka. Mamilioni ya watu waliokaa maofisini mchana kutwa waliingia barabarani.

Wengi wao waliumia. Magoti, miundi na kano za visigino vilianza kulalamika, na soko lilihitaji maelezo. Maelezo yaliyopatikana yalikuwa rahisi kueleweka: mguu unapokanyaga, wayo huegemea ndani kidogo, ukiegemea kupita kiasi, goti huvutwa upande, na hapo jeraha huzaliwa. Basi kiatu kiuzuie. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni zilianza kuweka kabari na povu gumu upande wa ndani wa soli. Katika miaka ya 1980 rafu za maduka ziligawanywa katika makundi matatu: viatu vya wastani, vya kuimarisha, na vya kudhibiti. Binadamu naye, bila kuulizwa, aligawanywa katika makundi hayohayo matatu.

Hapa mwanahistoria husimama kidogo. Kuegemea ndani kwa wayo ni jambo la kweli. Ndivyo mguu unavyopunguza nguvu ya ardhi. Lililokuwa dhana ni kwamba kuna kiwango kimoja sahihi cha kuegemea, kwamba kukipita ni ugonjwa, na kwamba kiatu ni dawa yake. Dhana hizo tatu zilisafiri pamoja kama abiria wa basi moja, na hakuna kondakta aliyewadai tiketi.

Tiketi ilidaiwa kwa kuchelewa sana. Mwaka 2009 watafiti wa Australia walipekua machapisho ya kitabibu wakitafuta jaribio lolote lililothibitisha kwamba kumpangia mkimbiaji kiatu chenye kisigino kinene na udhibiti wa wayo kunapunguza majeraha. Hawakulipata. Katika kipindi hichohicho jeshi la Marekani lilifanya jambo ambalo tasnia ya viatu haikuwa imelifanya kwa miongo mitatu: lilipima. Maelfu ya askari wapya wa jeshi la nchi kavu, la anga na la wanamaji waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa viatu kulingana na umbo la nyayo zao. Nusu nyingine walipewa aina moja ya kiatu bila kujali umbo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 na 2010 yalikuwa ya namna moja katika vikosi vyote vitatu: kuchagua kiatu kwa umbo la wayo hakukuleta tofauti ya maana katika majeraha. Mwaka 2014 utafiti wa Denmark uliowafuatilia wakimbiaji wapya 927 kwa mwaka mmoja, wote wakiwa wamevaa kiatu cha kawaida kisicho na udhibiti, ulionyesha kwamba wenye nyayo zinazoegemea ndani hawakuumia zaidi ya wenzao.

Uadilifu unadai tuseme na upande wa pili. Jaribio la Luxembourg la mwaka 2016, lililohusisha wakimbiaji 372, lilikuta kwamba viatu vya kudhibiti vilipunguza majeraha, hasa kwa wale ambao nyayo zao huegemea ndani. Kwa hiyo viatu hivyo huenda vinawasaidia baadhi ya watu. Kilichoanguka ni ile kanuni kuu, ile ramani iliyodai kumpangia kila binadamu kiatu chake kwa kutazama alama ya maji.

Kanuni moja ilipoanguka, nyingine ilikimbilia kukalia kiti chake. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na Daniel Lieberman wa Harvard, ulioonyesha kwamba watu waliozoea kukimbia pekupeku, wakiwemo vijana wa Bonde la Ufa nchini Kenya, mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo na hivyo kuepuka mshindo mkali wa kisigino. Utafiti ulikuwa wa makini kuliko waliounukuu. Sokoni uligeuka amri: vua viatu, kimbia kama Mkenya. Viatu vyembamba vyenye nafasi ya kila kidole viliuzwa kwa ahadi za afya, na mwaka 2014 kampuni ya Vibram ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja waliodai kwamba ahadi hizo hazikuwa na ushahidi.

Kenya yenyewe ilikuwa na jibu jingine. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti kuhusu Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu waliozoea kutembea na kukimbia bila viatu. Walipokimbia kwa mwendo waliouchagua wenyewe, wengi wao walitua kwa kisigino. Mkimbiaji pekupeku mwenye kanuni moja, aliyepaswa kuwa mwalimu wa dunia, hakuwa mtu halisi. Jamii mbili za nchi moja zilikanyaga ardhi kwa namna mbili, na mtu mmoja hubadilisha namna yake akiongeza kasi.

Kisha ukaja wakati wa bamba la kaboni. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, katika tukio lililoandaliwa mahususi na lisilohesabiwa kuwa rekodi. Kesho yake, huko Chicago, Brigid Kosgei aliweka rekodi ya dunia ya wanawake ya saa 2, dakika 14 na sekunde 4. Wote wawili walivaa viatu vya povu nene lenye bamba gumu ndani. Mwishoni mwa Januari 2020 shirikisho la riadha duniani liliweka mipaka: soli isizidi milimita 40, na bamba lisizidi moja. Soko lilikuwa limeshapata wimbo mpya: kiatu hiki kinaokoa asilimia 4 ya nguvu. Wastani huo ulitoka katika utafiti halali wa wakimbiaji 18. Lakini mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya wanariadha 7 wa Kenya wa kiwango cha dunia, waliopimwa wakiwa na viatu vya aina hiyo na kulinganishwa na kiatu chepesi cha kizamani. Kulikuwa na aliyenufaika kwa zaidi ya asilimia 11, na kulikuwa na ambaye kiatu kilimgharimu zaidi ya asilimia 11. Ikiwa miguu ya mabingwa wa nchi moja inatofautiana kiasi hicho, wastani unamwambia nini karani wa Dodoma au mwanafunzi wa Eldoret?

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu ni wa wenye uwezo, kwa kuwa wengi wetu tunachagua kile kilichomo katika robota la mitumba. Ni kweli, na hilo nalo ni historia. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa polepole nguo na viatu vilivyotumika ili kujenga viwanda vya ndani. Marekani ilitishia kuondoa nafuu ya ushuru ya AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma; Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikapoteza nafuu hiyo. Kiatu unachokikuta sokoni kimepitia mikono mingi ya mamlaka kabla ya kukufikia.

Basi mkimbiaji afanye nini? Tafiti zilizopo zinaelekeza mahali pa unyenyekevu. Mwaka 2001 watafiti wa Calgary walieleza jinsi askari waliopewa soli za ndani za aina sita na kuachwa wachague iliyowastarehesha walivyoumia kidogo kuliko wenzao wasiopewa soli hizo; na askari hao hawakuchagua aina moja. Tangu hapo starehe ya mvaaji imekuwa kigezo chenye heshima. Jaribu kiatu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, ukiwa na soksi utakazokimbilia. Bakiza nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Kisigino kisichezecheze. Kimbia hatua kadhaa. Kinachobana dukani hakitakuhurumia kwenye kilomita ya kumi. Tazama pia namna yako ya kukimbia: soli nyembamba na kutua kwa mbele huhamishia mzigo kwenye kigimbi na kano ya kisigino, na kutua kwa kisigino huuelekeza zaidi gotini. Mwenye kano inayouma asikimbilie soli nyembamba, na yeyote anayebadilisha aina ya kiatu abadilishe kwa wiki nyingi. Kwa mtumba, kiweke juu ya meza na ukitazame kwa nyuma: kikilala upande, kimeshaumbwa na mwendo wa mtu mwingine. Bonyeza soli ya kati. Ikiwa ngumu na yenye mikunjo mingi, povu limekufa. Na kama mguu wako una ugonjwa au maumivu yasiyoisha, hapo ni kazi ya tabibu.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtaalamu anaweza kujua mengi kuhusu nyayo kwa ujumla, na tunamhitaji. Lakini taarifa ya kinachouma anayo aliye ndani ya kiatu. Kosa la miaka ile lilikuwa kuifuta taarifa hiyo katika hesabu, kisha kumlaumu mkimbiaji aliyeumia kwamba alinunua aina isiyo yake.

Kwa wenzangu mlio katika utumishi wa umma, nawaachia upande wa pili wa hadithi hii. Taasisi iliyouvunja ushauri ule ni ileile iliyokuwa ikiutumia. Jeshi lilikuwa na utaratibu wake na kila sababu ya kutojiuliza, lakini liligawanya askari wake makundi mawili, likahesabu majeraha, na likachapisha matokeo yaliyoupinga utaratibu wake lenyewe. Ni miongozo mingapi katika wizara, shule na hospitali zetu imewahi kupitishwa katika mtihani wa namna hiyo?