Kioo Kinachosikia Ukucha

Wengi huamini kuwa skrini ya kugusa ilizaliwa Januari 2007, Steve Jobs alipoionyesha iPhone huko San Francisco. Wakati huo wazo lenyewe lilikuwa na umri wa miaka 42. Mwaka 1965, E. A. Johnson, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha serikali cha utafiti wa rada mjini Malvern, Uingereza, alichapisha maelezo ya skrini inayotambua kidole kwa umeme. Mwili wa binadamu hupitisha umeme. Kidole kikigusa, chaji hubadilika mahali pale, na mashine hujua ni wapi. Johnson alikuwa akiwafikiria waongoza ndege.

Aina ya pili ilifuata mwaka 1971 nchini Marekani. Samuel Hurst, mwanafizikia aliyekuwa akifundisha Kentucky, alitaka njia ya haraka ya kusoma grafu za majaribio yake. Kutokana na kazi hiyo ikatoka skrini ya mgandamizo: tabaka mbili nyembamba zinazopitisha umeme, zimetenganishwa na nafasi ndogo mno. Ukibonyeza, zinakutana. Haijali kama umebonyeza kwa kidole, kalamu au mkono wenye glavu.

Mdogo akamshinda mkubwa. Skrini ya mgandamizo ilikuwa rahisi kutengeneza, ikaenea viwandani, madukani na kwenye vifaa vya mkononi kama Pilot ya kampuni ya Palm, 1996, na kalamu yake ya plastiki. Ile ya chaji ilirudi kwa kishindo na iPhone, kisha iPad mwaka 2010, kwa sababu ilifuata vidole kadhaa kwa pamoja bila kubonyezwa.

India ilionja tofauti hiyo. Oktoba 2011 serikali ilizindua Aakash, kishikwambi cha bei nafuu kwa wanafunzi, chenye skrini ya mgandamizo ya inchi 7. Malalamiko yakamiminika: polepole, kizito kuguswa. Aakash 2, Novemba 2012, ikaja na skrini ya chaji. Nadhani waliochagua ile ya kwanza walipiga hesabu ya bei, wakakisahau kidole cha mtoto.

Vishikwambi vya namna hiyo bado unaweza kukutana navyo kwenye mitumba. Kabla ya kutoa pesa, kiwashe, uguse alama yoyote kwa ncha ya ukucha tu, nyama ya kidole isifike. Kikiitika, ni cha mgandamizo. Fungua picha, uivute kwa vidole viwili: cha chaji huikuza, cha mgandamizo kwa kawaida hubabaika. Uso wa plastiki unaobonyea kidogo nao ni ushahidi.

Na tachi, yaani tabaka la juu linaloguswa, ikipasuka huku picha ikionekana vizuri, mtajie fundi modeli pamoja na aina ya tachi. Tachi ya mgandamizo haifanyi kazi kwenye saketi iliyotengenezwa kwa ajili ya chaji, hata kama vipimo vinalingana.