Umbali na Muda: Safari ya Ndege baina ya Sydney na London

Mfasiri apewapo ratiba ya ndege aghalabu huiona kazi nyepesi, kwani imejaa tarakimu. Lakini tarakimu haina maana mpaka ijulikane inahesabu kitu gani.

Mwaka 1935, abiria wa ndege kutoka Brisbane kwenda London alisafiri siku 12 hivi, na huko Ulaya sehemu ya njia aliipita kwa garimoshi. Safari ilikuwa safari, pamoja na malazi yake. Hapakuwa na haja ya kuuliza alikaa angani saa ngapi. Tarehe 1 Desemba 1947 kampuni ya Qantas ilianza kuruka njia nzima, Sydney hadi London, kwa ndege aina ya Constellation, ikitua Darwin, Singapore, Calcutta, Karachi, Cairo na Tripoli. Abiria walilala Singapore na Cairo, na safari ikachukua siku 4. Hapa hapana budi kutenga mambo mawili: muda wa safari, uhesabuo tangu kuondoka hadi kufika pamoja na vituo vyote, na muda wa kuruka, ndege iwapo angani tu. Anayeandika “muda” pekee humwachia msomaji kubahatisha.

Umbali nao una utata wake. Njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia baina ya miji hiyo ni kilomita 17,000 hivi. Agosti 1989, ndege ya Boeing 747-400 isiyochukua abiria wa kulipa nauli ilitoka London hadi Sydney bila kutua kwa muda wa saa 20 na dakika 9, na njia iliyoipita ilikaribia kilomita 18,000. Hesabu zote mbili ni sahihi: moja ni umbali, ya pili ni urefu wa njia. Wako wapendao “masafa”. Ni neno zuri, ila mafundi wa redio wamekwisha kulichukua kwa mawimbi yao, na rubani hutumia redio na ramani kwa pamoja. Tena rubani hupima kwa maili ya baharini, yenye mita 1,852, wala si ile ya barabarani yenye mita 1,609. Kwa njia hii, kuzichanganya maili hizo ni kukosea kilomita zaidi ya 2,000.

Gumu kuliko yote ni “saa”. “Ndege ya saa 8” ni ile ichukuayo saa 8, au iondokayo saa 8? Walimu hukataza “masaa”, na kwa sarufi wana haki; lakini watu hawakulizua bure, walitaka kutenga muda na wakati. Madhali twalikataa, yatupasa kuandika kwa ukamilifu “muda wa saa 8” na “saa 8 mchana”, hata jedwali likiwa finyu.

Machi 2018 Qantas ilianza kuruka moja kwa moja kutoka Perth hadi London, kilomita 14,500 hivi. Ndege ya kwanza iliondoka karibu na saa 1 jioni ya Perth, ikatua saa 11 alfajiri ya London. Atoaye wakati mmoja katika mwingine atapata saa 10, na hali abiria waliketi zaidi ya saa 17. Kwa hiyo kila wakati katika ratiba uandikwe pamoja na mji wake.